Beberu wa Shirazi

Mjomba wangu alikuwa na beberu, na beberu yule alikuwa akinuka. Nalitanguliza hili kwa sababu mtu akimsikia mjomba akimsifu angedhani anasimuliwa farasi wa sultani. Alikuwa mbuzi mfupi, mwekundu wa rangi ya kutu, mgongo umebonyea katikati, ndevu zimegandamana kwa mkojo wake mwenyewe. Kutwa alishinda katika gofu lililo ubavuni mwa nyumba ya mjomba kule Mkomani, mtaa wa mabwana wa mji wa Amu, akitafuna makatoni ya sabuni. Watalii waliopotea vichochoroni walimpiga picha. Mjomba aliwangoja barazani wamalize, kisha akawaeleza kwa Kiingereza chake cha ukarani kwamba mbuzi huyo ni wa ukoo. Hawakumwelewa, wakampiga picha na yeye.

Mjomba ni ndugu wa mamangu, mdogo kwake. Wote wawili walizaliwa kisiwani Pate, ila mjomba alioa katika nyumba ya mawe, na tangu siku hiyo akawa mtu wa Mkomani kuliko wenye Mkomani yao. Shemeji zake walikula mishikaki njiani wakicheka na kila mpita njia. Yeye hata mkate wa mofa aliufuata na bakora mkononi na kanzu iliyopigwa pasi. Mazungumzo yake yalikuwa na mlango mmoja wa kutokea: uingie kwa bei ya samaki, uingie kwa mvua, utatokea kwa babu zake walioshuka kutoka Shirazi. Alipenda kusema, "Mwata asili ni mtumwa," na akiisema alitutazama sisi wa mtaa wa Langoni.

Mimi nilikuwa na dawa yangu. Dirisha la nyumba yetu linatazama kichochoro ambako mjomba hupenda kusimama na majirani akitoka msikitini. Nikimsikia ameanza Shirazi, nalifunga. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini si lazima livumie sebuleni kwangu.

Mama hakuwa na Shirazi. Alikuwa na mbuzi. Kwa kina mamangu binti hatoki kwao kwenda kwa mume mikono mitupu: hupewa mbuzi jike kutoka kwa mbuzi wa mamake, ili siku atakayogombana na mume awe na maziwa yake mwenyewe ya chai. Mama alivuka kutoka Pate na jike mmoja wa kijivu, na mbuzi wote waliopata kulala katika ua wetu walitokana na huyo. Mimi niliolewa nikapewa wangu, nikaachwa nikarudi naye, na mama akasogeza ndoo ya maji ili mbuzi wawili wapate kunywa pamoja.

Mbuzi wa Amu hawachungwi. Asubuhi unafungua mlango wanatoka kwenda kuzurura na kula maganda ya ndizi, magharibi wanarudi wenyewe. Kwa hiyo kila ukoo una alama yake ya sikio. Yetu ni pembe tatu ndogo inayokatwa kwenye sikio la kushoto, karibu na ncha. Mbuzi mwenye alama hiyo akikutwa popote, hata Shela kwenye bustani ya hoteli, anarudishwa kwetu pamoja na matusi. Asiye na alama hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe huishia kwenye sufuria ya aliyemuona kwanza.

Wembe wa kukatia alama ulikuwa kwa mjomba. Babu alipokufa ulimwendea yeye kwa kuwa ni mwanamume. Mama aliyekuwa akimtambua kila mwanambuzi kwa kikohozi chake hakupata kuushika. Mjomba aliyekuwa hajui mbuzi anakunywa mara ngapi kwa siku ndiye aliyekuja na kanzu yake, akasema bismillahi, akakata, akataka kahawa. Na beberu alikuwa mmoja tu, wake. Mama alipeleka majike Mkomani, wakarudi na mimba, na mabeberu wadogo wa kwetu wakahasiwa wote kwa amri ya mjomba, ili damu isitapanyike. Beberu mzee akifa, mwanawe anashika gofu. Yule mwekundu wa kutu alikuwa baba, babu na mjomba wa kila aliyelala katika ua wetu, na nadhani alikuwa kaka wa baadhi yao pia.

Sasa hesabu hiyo ilianza kudai. Mwaka mmoja walizaliwa wadogo mno, wa kubebwa kwenye kiganja. Uliofuata mmoja alizaliwa na jicho lisilofunguka. Kisha wakaja wa miguu iliyopinda, wakaja waliozaliwa wamekwisha kufa. Mama aliwazika chini ya mpera nyuma ya choo, akiwafunga kwenye vipande vya kanga kuukuu, na hakuwa mwanamke wa kulialia. Majike wakubwa walikufa kwa uzee mmoja baada ya mwingine. Akabaki jike mmoja, wa kijivu kama yule wa kwanza, pembe moja imejikunja kuelekea jicho. Mama alimlisha kwa mkono. Tulijua sote wawili kwamba huyo akifa bila mtoto, kile alichovuka nacho mama kutoka Pate kimekwisha.

Ndipo akaja daktari wa mifugo kuchanja mbuzi dhidi ya sotoka. Alikuwa bwana wa bara mwenye viatu vya ngozi visivyojua mchanga, na alipomaliza kuchanja alitaka pia kutuelimisha. Aliweka kompyuta yake juu ya pipa, juani, atuonyeshe picha. Tuliona nyuso zetu wenyewe kwenye kioo. Alieleza kwa Kiswahili cha darasani kwamba mbuzi wote wa kufugwa ulimwenguni asili yao ni mbuzi mwitu wa milimani, huko Uajemi na nchi za jirani, maelfu ya miaka kabla ya vitabu. Watu waliwafuga, wakahama nao. Wengine walikuja Afrika kwa miguu kupitia Misri, wengine kwa vyombo. Kila walikofika walichanganyika na waliowakuta, na mchanganyiko huo ndio uliowafundisha kustahimili kiu, kupe na maradhi. Wasomi siku hizi wanasoma safari hiyo yote katika damu, alisema.

Alizungumza muda mrefu. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na nawaomba radhi mbuzi, maana wao walikuwa wamenyamaza. Wanaume walijadili mpira. Mwisho daktari alimshika jike wetu wa kijivu, akamfungua mdomo, akamtazama beberu wa mjomba aliyeletwa pale kwa maringo amefungwa kitambaa cha kijani shingoni, akasema waziwazi: "Hawa wamezaana wenyewe kwa wenyewe mpaka damu imechoka. Leteni beberu wa mbali, mzee. Msipoleta, mtakuwa mnazika tu."

Mjomba hakuyasikia hayo. Yeye alikuwa amekwama tangu mwanzo, kwenye Uajemi.

"Umesikia?" aliniuliza njiani, bakora ikigonga mawe. "Uajemi. Na Shirazi iko nti gani?"

"Uajemi, Mjomba."

"Basi. Yatosha. Hata serikali yajua sasa."

Nilimwambia kwamba kwa maneno ya daktari kila mbuzi ametoka huko, wa Garissa, wa Mpeketoni, hata wa Ulaya. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama asiyejua kusoma saa. Wa kwetu walikuja na babu zake, akasema, wamepanda chombo kimoja. Wale wengine walikuja wenyewe.

Hakukuwa na jioni tena asiyosimulia habari hiyo. Beberu mwekundu akawa Beberu wa Shirazi, akaoshwa kwa sabuni ya kufulia, akafukizwa udi. Udi juu ya harufu ile. Watu wazima wenye akili zao walipita gofuni wakamtazama, wakatikisa vichwa, wakasema hakika ana sura ya kigeni. Nimeishi mji huu maisha yangu yote na bado sijui kama walikuwa wakimcheka au la. Watu wa Amu wanaweza kukucheka miaka kumi na usijue mpaka siku ya mazishi yako.

Kati ya hayo jike wa kijivu alizaa. Alizaa mmoja, mwenye taya la chini fupi kuliko la juu, asiyeweza kunyonya. Mama alichovya kidole kwenye maziwa akamtia mdomoni, akachovya tena, siku nzima na ya pili yake, ameketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Mwanambuzi alikufa na kidole cha mama kinywani. Nilishikwa na hasira ambayo sijui niieleze vipi. Nilivaa buibui nikaenda Mkomani pale pale.

Mjomba alikuwa barazani na wageni. Nilimsalimu, nikambusu mkono, nikamwambia mbele ya watu kwa sauti ya adabu kwamba mama amebaki na jike mmoja, na kwamba tunaomba ruhusa mara hii apandwe na beberu mwingine.

"Wa wapi?" aliuliza.

"Wa bara. Yule bwana anayeleta mbuzi kwa mashua kutoka Mokowe anao wazuri."

Wageni walikohoa. Mjomba aliweka kikombe chini polepole. "Mwanangu," akasema, "kheri wafe wote na damu yao safi."

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimemwona akila pilau nyumbani kwake, akinyonya mfupa mpaka ukalia. Nyama ile ilitoka kwa bwana yule yule wa Mokowe, kama nyama yote ya mbuzi inayoliwa na mabwana wa Mkomani, kwa sababu mbuzi wao watukufu ni mifupa mitupu. Tumboni mwake hakuuliza nasaba. Nilimtazama masharubu yake yaliyochanwa nikafikiri: nyani haoni kundule. Nikambusu mkono tena nikaondoka.

Mama hakushangaa. Aliniuliza tu kama nilipewa kahawa.

Tulingoja mpaka jike alipotaka dume tena. Mbuzi akitaka dume hana siri, hulia mchana kutwa, na yeye alianza kulia asubuhi ambayo mjomba alikuwa amekwenda Shela kwenye hitima. Nilimfunga kamba nikamtoa. Nilipita Langoni yote na mbuzi anayetangaza haja yake kwa kila mlango, mimi nimejifunika uso kwa ushungi kana kwamba hilo lingesaidia. Fundi wa cherehani alisimamisha mguu. Mama wa mabajia aliniuliza, "Wampeleka wapi, Bi?" Nikasema kwa daktari. Akamsikiliza mbuzi, akasema, "Daktari yupi, wa ndevu?"

Bwana wa bara alikuwa na zizi la mbao karibu na mahali mashua zinaposhusha mizigo. Alikuwa Mkristo, mtu mpole wa maneno machache, na alikwisha zoea kuitwa kila jina na watu wanaokula bidhaa yake. Nilipomweleza shida yangu alifikiri kidogo.

"Huyu mweupe ameshauzwa, Mama, kesho anachinjwa," alisema. "Lakini leo bado ni beberu."

Alikuwa mkubwa, mweupe, masikio marefu yanayoning'inia mpaka chini ya taya. Hakuwa na udi wala kitambaa. Kazi aliimaliza kabla bwana hajawasha sigara yake. Nilimrudisha jike nyumbani akiwa kimya, mwenye heshima zake, na mama wa mabajia akasema Mwenyezi Mungu ampe afya.

Siku chache baadaye, kwa ajili ya kuziba midomo, mama alimpeleka jike Mkomani kama kawaida, akakaa na beberu wa Shirazi. Mjomba alifurahi kwamba tumerudi kwenye haki.

Jike alizaa pacha baada ya mvua za masika, adhuhuri. Wa kwanza alikuwa jike na wa pili dume. Walisimama kabla mama hajamaliza kuwafuta. Walinyonya kwa nguvu mpaka mamao akayumba. Mama aliketi chini uani, miguu ameinyoosha kama msichana, akawatazama, na machozi yakamtiririka bila sauti. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Walikuwa weupe. Mama wao kijivu, baba yao wa halali mwekundu wa kutu, na wao weupe wote wawili kama sahani, na masikio yanayowapiga mashavuni wakitembea.

"Atawakataa," nilisema.

"Wayuaye?" alisema mama. "Mwate aye, aone."

Lakini nilimwona ameuma mdomo. Asipowakata masikio, basi hawana mwenyewe, na baada ya wiki mbili watakuwa vichochoroni. Tungeweza kuwafungia uani, lakini ua wetu hauna nyasi, na mbuzi aliyefungwa Amu hufa kwa njaa akisikia wenzake wakila. Yote yalikuwa katika wembe wa mtu ambaye ningemwamini kuchagua tikiti maji, si zaidi.

Mjomba alikuja Ijumaa baada ya sala, na majirani nyuma yake, maana alikwisha watangazia kwamba Shirazi imezaa pacha. Mama alimpa kiti. Nilimleta dume kwanza. Nilimshika kifuani, mkono mmoja nikijaribu kuyakunja yale masikio, upuuzi mtupu, ni sawa na kuficha minara ya msikiti.

Mjomba alimtazama. Akatazama jike aliyekuwa akinyonya. Alimtazama mama, na mama akamtazama yeye. Nilisubiri nikiwa na maneno yangu yote tayari mdomoni. Nilikuwa nimeyaandaa kwa miezi mitano. Ningemwambia kuhusu pilau, kuhusu udi, kuhusu wale aliowazika mama chini ya mpera kwa ajili ya kanzu yake.

Mjomba alilishika sikio la kushoto, akalinyoosha kwenye kiganja chake, na lilikijaza.

"Haya," alisema, "haya ndiyo mashikio ya Shirazi yenyewe. Yalikuwa yamepotea. Damu ikipumzika hurudi kwao."

Akasema bismillahi, akakata pembe ndogo karibu na ncha. Mwanambuzi alilia mara moja. Damu ikadondoka kwenye kanzu, naye hakuifuta. Kisha akasema, "Lete na dada yake," akamkata na huyo. Majirani wakasema mashallah. Mjomba akatoka nao nje kwa ajili ya maelezo, na kahawa nikawapelekea huko huko.

Niliporudi ndani nilikuwa nacheka kwa dharau. Mama alikuwa akiwapaka wanambuzi majivu kwenye vidonda.

"Umemwona?" nilisema. "Mtu mzima. Ameshika bara zima mkononi akaliita Shirazi. Kipofu."

"Si kipofu," alisema mama. "Ameona."

"Ameona nini?"

Alimaliza sikio la kwanza, akamwachia mwanambuzi aende kwa mamake. "Nyanya yetu alikuya hivyo," alisema. "Yule aliyemzaa mama. Aliletwa kutoka bara, mtoto, hana mtu, hana nguo ila aliyovaa. Walimweka uani kama hapa. Wakamtoga mashikio, tundu kwa tundu mpaka yuu, wakamtia majasi kama wana wao. Vidonda vilipopoa alikuwa Mshirazi. Hakuna aliyeuliza tena."

Sikuwa nimepata kusikia. Nilimjua nyanya yule kwa jina la heshima tu, na kwamba alikuwa na majasi ya fedha makubwa kuliko ya wanawake wote wa mtaa wake.

"Mjomba anajua?"

"Ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta ya mashikio, uzeeni mwake, yalipokuwa yamuuma. Kila siku. Nyanya akimshika kidevu akimwambia, sema weye ni Mshirazi, mwanangu. Sema kwa sauti, wasikie."

Mama alimvuta mwanambuzi wa pili na kuanza na majivu. Mimi mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe sikioni, kwenye ndewe, yale matundu yaliyopangana kutoka chini mpaka juu. Nilitogwa na mama nikiwa mdogo sana, katika ua huu, na nilipokuwa nikilia aliniambia ni pambo.

Nje, katika hadithi yake, mjomba alikuwa amefika kwenye chombo. Babu zake walikuwa wakishuka, mbuzi wao kifuani, na sauti yake ilipanda juu ya sauti za majirani kama siku zote. Niliinuka kwenda kufunga dirisha. Mama alinishika upindo wa nguo.

"Liwate wazi," alisema.